Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa uuguzi, siku ya mtihani wa anatomia

Saa 10:30 alfajiri

Naizima simu kabla haijamwamsha mpwa wangu. Tunalala chumba kimoja, Gongo la Mboto, nyumbani kwa dada yangu. Kati ya godoro na ukuta pamejaa madesa (maelezo ya darasani) ya anatomia, kopi ya kopi, mengine wino umefifia hadi huoni mshipa unaanzia wapi na mfupa unaishia wapi. Dada yuko uani tangu saa 10 kamili, mkaa umeshashika. Anauza vitumbua na chai ya tangawizi. Kazi yangu kabla ya chuo ni kugeuza vitumbua, na hapo ndipo ninapokariri.

Mimi ni mwaka wa kwanza, stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3. Nikisema hivyo mtaani, mtu wa kwanza ananiuliza kwa nini sikusomea udaktari, wa pili ananiuliza kama kuchoma sindano kunahitaji miaka 3 kweli. Leo nataka niwaonyeshe siku yangu, kisha mjibu wenyewe.

Leo kuna mtihani wa vitendo: meza 25, kila meza dakika 1, kengele ikilia unahama. Kwenye testi iliyopita sikufikisha alama ya kupita. Nikiteleza tena ni sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu maana yake ni nauli na pesa za chakula za wiki ambazo wenzangu watakuwa wameshafunga chuo. Dada hajasoma zaidi ya darasa la saba, lakini neno sapu analijua vizuri na analiogopa kuliko mimi.

Nageuza kitumbua, nataja mfupa. Kiganja kinapoungana na mkono kuna mifupa midogo 8: skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu, trapeziamu, trapezoidi, kapitati, hamati. Kwa wiki mbili iligoma kukaa kichwani, mpaka nilipoitungia wito wa konda: "Shuka Leo Tazara, Panda Tandika, Temeke, Kariakoo Haraka." Tangu hapo haijanitoka. Uti wa mgongo nao ulinisumbua. Ujanja unaozunguka kwenye vitabu ni wa saa za kula: saa 7 kifungua kinywa, saa 12 chakula cha mchana, saa 5 cha jioni, ndiyo pingili 7 za shingo, 12 za mgongo na 5 za kiuno. Kwa saa zetu za Kiswahili haiingii kabisa, nani anafungua kinywa saa 7? Nikatengeneza yangu: siku za wiki 7, miezi ya mwaka 12, swala 5. Chini yake ziko 5 zilizoungana, kisha 4 za kifandugu.

Mpwa wangu ana miaka 7. Anatoka akipikicha macho na kunyoosha mkono: "Mjomba, nichore." Namchorea mifupa 8 kwa kalamu ya wino. Kwa umri wake pisifomu bado ni gegedu laini, ukimpiga picha ya eksirei haionekani. Nimemwambia hivyo, na sasa kila asubuhi anauliza kama imeshaota.

Saa 12:15

Daladala. Nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu. Ukonga, Banana, Uwanja wa Ndege. Wengine wanasinzia, mimi nahesabu misuli inayonizuia nisimwangukie mama aliyekaa mbele yangu. Tazara tunasimama dakika 40.

Saa 2 asubuhi

Darasa, saa mbili mfululizo, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Ngoja niseme jambo moja ambalo watu wa nje hawalioni. Tunafundishwa kwa Kiingereza, majina yenyewe ni ya Kilatini na Kigiriki, na mgonjwa anakuja na Kiswahili chake. Mgonjwa akisema "mshipa unanivuta", anaweza kuwa na maana ya ateri au vena (mishipa ya damu), neva (mshipa wa fahamu), kano, au hata ngiri. Akisema "tumbo", inaweza kuwa tumbo la chakula, utumbo, mji wa mimba au kibofu. "Mguu" kwake unaanzia kwenye nyonga hadi kwenye kucha. Na akisema "chembe cha moyo kinaniuma", anashika pale katikati, chini kidogo ya mfupa wa kifua, ambapo mara nyingi mwenye shida ni tumbo la chakula na si moyo. Lakini mara nyingine kweli ni moyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Daktari anakuja baadaye. Wa kwanza kuyasikia maneno hayo ni muuguzi. Kama ramani ya mwili haiko kichwani mwangu, nitaandika nini kwenye faili?

Kwa hiyo nakariri mara mbili: jina la kitabuni, na jina analolitumia bibi yangu. Kongosho, wengu, nyongo, ini, figo, kiwambo. Hakuna anayenipa alama kwa ajili ya orodha ya pili.

Saa 5 asubuhi

Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Tuliahidiwa chumba cha vitendo kuanzia saa 5 hadi saa 7, turudie kabla ya mtihani wa saa 8. Tuko 38. Sanamu la mwili lenye viungo vya kutoa na kurudisha ni moja. Sanduku la mifupa ni moja. Hukuti vitu hivi mtaani, huwezi kuvisoma kwenye picha ukaelewa. Mfupa lazima uushike, uugeuze, upitishe kidole kwenye mifereji yake. Ndiyo maana tulikuwa mlangoni saa 5 kasoro dakika 10, na ndiyo maana tulipokuta kufuli hakuna aliyeondoka.

Mwenye ufunguo hayupo. Tukaambiwa yuko njiani. Saa 5:30, yuko njiani. CR wetu, kiongozi wa darasa, akaenda ofisini, akarudi, akaenda tena. Saa 6 tukaambiwa ufunguo wa akiba upo, ila aliyeutunza yuko kikaoni. Nilihisi hasira ya kweli, na bado ninayo ninapoandika. Kuna mwenzetu ambaye baba yake aliuza mbuzi alipe ada ya muhula huu. Ada hiyo ndiyo ya kufungua kile chumba. Na mtu asiniambie habari ya uvumilivu, kwa sababu mgonjwa hatauliza siku ile mlango ulifunguliwa saa ngapi.

Mwenzetu mmoja, dada mkubwa kuliko sisi sote, mama wa watoto wawili aliyewahi kufanya kazi ya usaidizi wodini, akavua viatu na kukaa kwenye benchi la korido. "Haya, sanamu ndiyo mimi. Ulizeni." Akanyoosha mkono, kiganja juu. Tukaanza. Mapigo upande wa kidole gumba, palipo na mfupa wa radiasi. Ulna ni upande wa kidole cha mwisho. Kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa ndani ya kano la misuli ya mkono, tukatafuta mapigo ya ateri ya brakia, pale pale tunapoweka stetoskopu tukipima presha. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara ishirini. Kumbe sikuwahi kuyatafuta kwa kidole. Juu ya unyayo tukatafuta mapigo mengine, nikakosa, akanishika kidole akakisogeza nusu inchi, nikayapata. Kisha akasimama, akatuonyesha mwilini mwake ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, na kila mmoja akaitafuta kwake. Korido nzima, watu 38, mikono kiunoni. Wanafunzi wa mwaka wa pili wakapita, hakuna aliyecheka. Wanajua.

Mlango ulifunguliwa saa 7:20. Dakika 40 kabla ya mtihani, watu 38, sanamu 1. Nilifanikiwa kushika figo mbili. Ya kushoto alikuwa ameirudisha mtu upande wa kulia, nikaibadilisha, maana ya kulia hukaa chini kidogo kwa sababu ini liko juu yake. Nikatoka.

Saa 8 mchana

Kengele. Meza ya kwanza, fuvu lenye bendera nyekundu kwenye tundu. Kengele. Moyo umepasuliwa, vali ipi iko kati ya vyumba viwili vya kushoto? Mitrali. Kengele. Mifupa ya kiganja, bendera kwenye mfupa mmoja. Shuka, Leo, Tazara... lunati. Kengele.

Meza ya 14 ilikuwa mfupa wa paja, swali: ni wa kulia au wa kushoto? Pale nilisimama na kichwa kimekauka. Sekunde zinakwenda. Nikaona njia moja tu, nikauchukua mfupa nikauegemeza kwenye paja langu mwenyewe. Kichwa cha mfupa lazima kitazame ndani, kwenye nyonga. Ule ukingo mrefu wenye kukwaruza lazima ukae nyuma. Nikajaribu kushoto, ukingo ukaja mbele. Nikahamisha kulia, ukatulia kama umerudi kwake. Nikaandika jibu kengele ikilia.

Meza ya 19 sitaisahau. Sanamu la kitako, ngozi imeondolewa, bendera imesimama juu ya uzi mnene wa njano unene wa kidole. Taja kiungo hiki, kisha taja hatari moja ya kumchoma mgonjwa sindano hapa. Neva ya siatiki. Ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Ukiichoma, mtu anaweza kuanza kuburuza mguu, unyayo hauinuki tena, na mwingine hapati nafuu kamili. Na hospitalini aliingia akitembea.

Baada ya meza ya 25 sikumbuki nilivyotoka.

Jioni

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipopata gari. Foleni, jua la magharibi machoni, nimelala nimesimama. Konda alinigusa bega, "Mwisho wa gari, braza."

Baba mwenye nyumba alikuwa ananisubiri barazani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba dokta wangu, afadhali umekuja." Nilishamwambia mara nyingi mimi si daktari, ni mwanafunzi wa uuguzi. Mkononi alikuwa na kimfuko cha duka la dawa: kichupa cha diklofenaki na bomba la sindano. Kiuno kinamuuma siku tatu, mshipa unavuta hadi gotini. Anataka nimchome pale pale ndani, dakika mbili, nimsaidie asipoteze muda wa kwenda kupanga foleni.

"Mzee, siruhusiwi. Sina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mimi nafanya chini ya msimamizi tu."

"Nani atakuona?"

"Si habari ya kuonwa, mzee."

Akakasirika. Akasema sasa nasoma nini mwaka mzima, kama sindano tu siwezi. Akasema zamani alikuwepo jirani aliyekuwa anachoma mtaa mzima bila cheti. Akasema vijana tukishapata koti jeupe tunakuwa na maringo. Dada akatoka jikoni akasimama mlangoni, akanyamaza, maana kodi ya mwezi huu tulikuwa bado hatujaimaliza na mzee anajua. Nilichoka mpaka magoti yanatetemeka. Lakini ile bendera nyekundu ya meza ya 19 ilikuwa bado machoni mwangu, na nilimpenda yule mzee kuliko nilivyoogopa kodi.

Nikakaa karibu yake, nikamuuliza kama nilivyofundishwa. Maumivu yalianzaje? Ulikunywa dawa gani? Kuna mahali pengine panauma?

"Hapana. Ni hiki chembe cha moyo tu, lakini hicho cha zamani. Nikiwa na njaa kinawaka."

Nikasimama. "Mzee, vaa kanzu. Nakusindikiza kituo cha afya sasa hivi."

Tulitembea polepole, yeye akinung'unika, mimi nimebeba kimfuko chake. Sista wa zamu, mama mtu mzima, alikitazama kile kichupa, akamuuliza swali moja: "Baba, una vidonda vya tumbo?" Mzee akaguna, akasema aliwahi kuambiwa hivyo, miaka imepita. Sista akakirudisha kichupa kwenye mfuko, akaufunga fundo. Alieleza kwa upole kwamba dawa hiyo inaweza kukitonesha kidonda kikavuja damu tumboni, ichomwe kitako au imezwe, ni yale yale. Akamwandikia namba ya kumwona tabibu, akamketisha. Hapakuwa na sindano usiku ule. Alipewa dawa nyingine, akaambiwa arudi asubuhi kwa vipimo.

Sista aliniuliza nasoma mwaka wa ngapi. Nikamwambia, na nikamwambia kuhusu mtihani. Akasema yeye alirudia anatomia mara mbili. Kisha akaitwa chumba cha kujifungulia, akaondoka mbio.

Tulirudi saa 4 usiku. Mzee alikuwa kimya njia nzima, fimbo inagonga chini. Tulipofika kwenye taa ya duka la Mangi alisimama.

"Sasa huo mshipa mnaouogopa nyie, unapita wapi?"

Nikageuka, nikamwonyesha kwenye mwili wangu: ncha ya nyonga hapa mbele, mfupa wa paja hapa pembeni, halafu nikavuta kidole taratibu kutoka katikati ya kitako, nyuma ya paja, hadi nyuma ya goti. Naye akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akaanza kuutafuta kwake.