Bastola ya risasi moja iliyogoma kufunga na kukoki: jinsi nilivyoifikia shida yake

Bastola yangu ni ya kukunja. Unabana mkia wa kilinda kifyatulio, mtutu unainama, unatia risasi moja kwa mkono, unaupandisha mtutu, unakoki nyundo, yaani unaivuta nyuma mpaka ishike, tayari kufyatuliwa. Haina magazini wala slaidi. Ilipoanza kugoma, iligoma kwa namna mbili. Mara mtutu ulipanda na kukwama karibu kabisa na fremu, yaani mwili wa bastola, ukibaki upenyo mwembamba wa mwanga. Mara nyingine ulionekana umefunga sawasawa, lakini nyundo haikubali kuvutwa. Na kulikuwa na maganda, yaani vikopo vya shaba vya risasi, ambayo ilifunga nayo bila shida yoyote. Hilo la mwisho ndilo nililolishikilia, kwa sababu chuma kilichovunjika hakichagui ganda.

Kabla ya kugusa kitu niliondoa risasi zote kwenye meza, nikakagua chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi, kwa macho na kwa kidole, na majaribio yote nikayafanya kwa maganda matupu yasiyo na baruti wala fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha risasi. Nasisitiza hili kwa moyo wote. Bastola isiyofunga inamshawishi mtu aishindilie kwa nguvu, na kuishindilia ikiwa na risasi hai ndani, fataki ikisuguana na chuma, ni jambo ambalo halifai kujaribiwa hata mara moja.

Kwanza ilibidi nielewe kwa nini nyundo inakataa. Katika aina hii, komeo halimo kwenye fremu. Limo kwenye kipande cha chuma kilicho chini ya mtutu, likiwa na springi nyuma yake. Mtutu ukipanda, komeo linarudi nyuma kidogo, kisha linachomoka na kuzama kwenye nafasi yake ndani ya fremu. Ndani ya fremu nako kuna kizuizi kinachotambua kama komeo limezama lote. Likizama nusu, nyundo haikokiki. Kwa hiyo malalamiko yangu mawili yalikuwa moja: komeo halifiki mwisho. Nyundo ilikuwa inafanya kazi yake, na ningesikitika sana kama ningeanza kusugua chuma cha ndani kwa tupa kutafuta kosa ambalo halipo.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii ambayo wala si ubovu. Katika Contender, bastola iliyobuniwa na Warren Center na kuanza kuuzwa 1967, ukishakoki kisha ukaishusha nyundo taratibu bila kufyatua, huwezi kukoki tena mpaka uufungue mtutu na kuufunga upya. Ndivyo ilivyoundwa. Toleo lake la baadaye, G2, liliondoa sharti hilo. Mwenye bastola ya mpangilio huo asikimbilie kwa fundi kabla ya kufungua na kufunga.

Uzuri wa bastola hizi ni kwamba mtutu unabadilishwa kwa kuchomoa pini moja kubwa ya bawaba. Nilikuwa na mitutu miwili ya aina mbili za risasi, wa .30-30 Winchester na wa .223 Remington, na mgomo wote ulikuwa kwenye wa .223. Nikaufunga ule wa .30-30 kwenye fremu ileile: ulifunga kwa mlio mkali na nyundo ikakoki kila mara. Fremu ikawa haina hatia. Kisha nikaurudisha wa .223 ukiwa mtupu, bila ganda. Mara nyingi ulifunga, ila mlio ulikuwa mzito, na nikiupandisha polepole komeo lilisita. Hapo nikajua natafuta vitu viwili, kimoja kwenye komeo na kingine kwenye maganda.

La komeo lilikuwa jepesi. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda yakawa kama gundi, yamechanganyika na masizi. Niliosha kipande chote cha chini ya mtutu kwa mafuta ya taa na brashi laini, nikilibonyeza komeo mpaka likaanza kuruka lenyewe, nikafuta, nikatia tone dogo tu la mafuta mepesi. Nilisafisha pia chini ya kile kipande kinachosukuma ganda nje. Punje za baruti isiyoungua hupenda kujificha pale, na kikikaa juu kidogo, ganda nalo linakaa juu.

La maganda ndilo lililonifundisha zaidi. Bunduki ya bolti, ile inayofungwa kwa kusukuma na kuzungusha mkono wa chuma, ina msaada ambao bastola ya kukunja haina: ukiushusha mkono wa bolti, meno yake yanaisukuma risasi ndani kwa nguvu ya skrubu, hata ikiwa ndefu kidogo. Kwenye bastola ya kukunja, mtutu unapanda na kitako cha ganda kinapita mbele ya ukuta wa fremu, basi. Kilichozidi kwa unene wa karatasi kinatosha kuzuia. Tena .223 haina ukingo uliotokeza kwenye kitako kama .30-30. Inasimama kwenye bega lake, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, na bega likiwa mbele mno ganda zima linabaki nje.

Jaribio lake ni rahisi na sahihi. Chomoa mtutu kwenye fremu, uusimamishe, dondosha ganda tupu ndani ya chemba. Kitako kinatakiwa kiwe sawa na ncha ya nyuma ya mtutu au kizame kidogo sana. Maganda yaliyokuwa yakigoma yote yalitokeza. Nikalipaka moja wino wa maka peni, nikalitia na kulitoa: wino ulikwanguka begani pekee. Yalikuwa maganda yaliyokwisha kupigwa kwenye bunduki nyingine yenye chemba ndefu kuliko yangu, na kifaa cha kuyarudishia umbo ili yajazwe tena kilikuwa kimefungwa juu mno. Kifaa kikifungwa hivyo, kinabana tumbo la ganda bila kuligusa bega, na shaba iliyobanwa inakimbilia mbele. Ganda linatoka likiwa refu begani kuliko lilivyoingia.

Niliteremsha kifaa kidogo kidogo, nikidondosha ganda kwenye mtutu baada ya kila mguso, mpaka kitako kikawa sawa na ncha. Hapo nikaacha. Kulirudisha bega nyuma kupita kiasi kunadhoofisha ganda karibu na kitako, na ganda linaweza kukatika vipande viwili likipigwa. Zinatosha sehemu mbili za elfu moja za inchi, yaani takriban milimita 0.05. Nilipitisha kidole pia kwenye vitako vya risasi zilizokwisha tiwa fataki. Fataki iliyotokeza husugua ukuta wa fremu mtutu unapopanda. Yafaa izame kati ya milimita 0.08 na 0.13, na zilizotokeza niliziweka kando.

Sasa mtutu wa .223 unafunga kwa mlio uleule wa mwenzake, nami huupandisha kwa mkupuo mmoja thabiti, kwa sababu komeo linahitaji kasi kidogo ili lizame lote. Kitu kimoja sikukigusa, na singekigusa: nyundo inayokoki kisha ikateleza na kushuka yenyewe, au inayoshuka bastola ikigongwa kidogo. Hiyo ni meno ya kifyatulio na nyundo yaliyolika, au skrubu za kifyatulio zilizokazwa vibaya. Bastola ya namna hiyo isitiwe risasi tena mpaka fundi wa silaha aifungue.