Karatasi niliyokwenda nayo kortini

Kesi yenyewe si habari ya leo. Nilishikwa, bondi ikanishinda, nikakaa rumande miezi minane, na mwisho wake mashahidi hawakuja kesi ikatupwa. Ninachotaka kueleza ni vile nilivyomaliza dawa za TB, nilizozianzia ndani nikazimalizia kwetu Maweni, hapa Malindi, huku nikiwa na virusi vya UKIMWI pia. Nawajua watu kadhaa wa huku kwetu walioanza dawa hizo rumande wasizimalize, na wala hawakuwa wakaidi.

Kikohozi kilinianza mwezi wangu wa tatu rumande. Wadi tulilala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote mnageuka, na hewa iliingia kwa vidirisha viwili vya juu tu. Ilikuwa kaskazi, joto la kukatisha usingizi, basi jasho langu sikulitilia maanani. Aliyelitambua ni jirani yangu wa kulala, mvuvi wa Lamu tuliyemwita Baharia. "Jasho lako wewe si la joto hili," akaniambia. "Sisi twatoka jasho tukiwa macho. Wewe walowa ukiwa usingizini."

Zahanati ya mle ndani ilikuwa na mhudumu mmoja ambaye sote tulimwita daktari. Alinidunga kidole mara mbili, kisha akanipa kikopo. Nilidhani ni cha makohozi. Kumbe alitaka mkojo. Akanieleza kwamba mwenye virusi ambaye kinga yake imeshuka, TB yake mara nyingi haionekani kwenye makohozi, na hata picha ya kifua huweza kudanganya. Kwa watu kama sisi kuna kipimo cha mkojo, kijistripu kama kile cha mimba, na jibu lake hutoka baada ya dakika 25. Kwa hiyo nilipata majibu mawili asubuhi moja. La virusi lilinivunja miguu. La TB nilikuwa hata silisikii vizuri. Baadaye makohozi machache niliyojikamua yalipelekwa kwenye mashine, ikaonekana vijidudu vyangu bado vinaiogopa rifampicin, dawa kuu ya TB. Sikujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema ya siku.

Nilikuwa na kilo 46. Hiyo ilimaanisha vidonge 3 vyekundu kila asubuhi, kila kimoja kimebeba dawa nne, pamoja na septrin na kidonge kidogo cha vitamini cha kuzuia ganzi ya miguu. Mkojo ukageuka rangi ya maji ya machungwa. Baharia alidhani ni damu, akataka kuwaita maafande. Baada ya wiki mbili nikaongezewa dawa za virusi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, na ilikuwa taabu ya kidonge kimoja. Rifampicin hulifanya ini liifukuze upesi mwilini dolutegravir, dawa ya virusi iliyomo kwenye kidonge cha asubuhi. Ukizitumia pamoja, kidonge cha asubuhi hakitoshi, lazima umeze dolutegravir nyingine saa 12 baadaye. Wadi hufungwa saa kumi alasiri, na ikishafungwa hakuna zahanati. Basi kidonge cha jioni nilipewa mkononi, nikaingia nacho kwenye wadi ya watu zaidi ya 60, ambamo hakuna asiyejua kidonge cha aina ile ni cha nini. Saa sikuwa nayo. Lakini nje ya ukuta palikuwa na msikiti, na huku Pwani magharibi haihami sana mwaka mzima. Nikawa nasubiri adhana. Watu wakijipanga kwenye pipa la maji kutawadha, nami naingia kwenye foleni, kidonge kimebanwa kati ya vidole. Nikifika kwenye kusukutua, nakitia mdomoni na maji, nakimeza, kisha naosha uso kama wenzangu. Mungu anisamehe, udhu wangu wa siku zile ulikuwa na kidonge ndani yake.

Kama wiki mbili na ushei tangu nianze dawa za virusi, shingo ilinivimba, tezi mbili kama tende, na homa ikarudi kali kuliko mwanzo. Wadi nzima ikawa madaktari. "Hizo dawa zinagombana," wakasema. Niliwaamini. Jioni mbili nilikitupa kidonge kwenye ndoo ya choo. Siku ya tatu nikamweleza daktari, nikingoja matusi. Hakunitukana. Alinipapasa shingo, akanipima upya, akasema: "Kinga yako ilikuwa imelala. Sasa imeamka, imewakuta wezi ndani ya nyumba. Hizo ndizo kelele zake. Usiache hata kimoja." Akanipa dawa ya homa. Uvimbe ulichukua kama wiki tatu kunywea, na sitasema kwamba katika wiki hizo nilikuwa na imani kubwa.

Wakati huo sote tuliolala karibu tulikuwa tumepimwa, na Baharia naye alikutwa na TB. Tukawa tunakwenda pamoja zahanati kila asubuhi. Jumanne moja alipelekwa kortini na hakurudi. Aliachiwa palepale. Mahabusu akiachiwa na hakimu hapitii rumande kuaga, hutoka mlango wa korti na nguo alizovaa. Tulimfurahia. Kesho yake nikaona dawa zake zimo kwenye kiboksi chenye jina lake, kama alivyoziacha. Nikamwuliza daktari. "Simu aliyoniandikisha haipatikani," akasema, akakifunga kiboksi.

Siku hiyohiyo nikamwomba kalamu. Karatasi sikuwa nayo, nikachana boksi la dawa, nikaandika nyuma yake huku akinisomea. TB, nilianza 12/2. Kilo 46. Vidonge 3 vya dawa nne hadi 12/4, kisha vidonge 3 vya dawa mbili hadi 12/8. Dawa ya virusi 1 asubuhi, dolutegravir 1 magharibi. Mashine: rifampicin inafanya kazi. Namba yangu ya rejista, na simu ya zahanati. Nikaikunja ndani ya nailoni ya mkate, nikaishonea kwenye pindo la shati langu la kwendea kortini kwa uzi niliouchomoa kwenye blanketi. Niliomba pia dawa za siku tatu za kwenda nazo kila nikiitwa kortini. Hilo lilikataliwa, na mpaka leo sioni kwa nini.

Nikaachiwa mwishoni mwa Mei, Ijumaa adhuhuri, mvua inanyesha. Watu wa nyumbani wanacheka na kulia, mimi nawaza kiboksi changu. Nilikwenda mpaka lango la gereza alasiri ileile. Mwenye ufunguo ameshatoka, njoo Jumatatu. Jumamosi nikajaribu hospitali: kliniki ya TB ni Jumatatu. Asubuhi mbili zikapita bila dawa. Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, na nilipoitwa nikachana pindo la shati mbele ya muuguzi. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Nani alikuandikia?"

"Mimi, dada."

Alipiga simu, akasomewa yaleyale. Akanipima: kilo 53. Kabla ya saa nne nilikuwa nimemeza dawa za siku ile, nyingine ziko kwenye mfuko, na zile siku mbili nilizokosa ameziandika zitaongezwa mwishoni.

Mama nilimwambia TB peke yake. Ile nyingine ilinichukua wiki tatu kuitamka. Alikuwa amenitengea sahani na kikombe chenye mpini mwekundu. "Mama," nikamwambia, "TB hupita hewani, haipiti kwenye kikombe. Na mimi nina zaidi ya miezi mitatu kwenye dawa." Hakubishana. Nilipoamka kesho yake alikuwa amebandua katoni lililoziba dirisha la chumba changu tangu mwaka juzi. Kikombe, hata hivyo, kilibaki changu.

Kwa Baharia nilituma salamu na manahodha wanaopanda kwenda Lamu. Jibu lilikuja Julai: alikuwa amelazwa, ameanzishwa dawa upya, kuanzia siku ya kwanza.

Mimi Julai hiyo nilivuka kilo 55, vidonge vikawa 4. Makohozi ya mwezi wa tano wa dawa yalikuwa safi, na ya mwezi wa sita vilevile. Tarehe 14 Agosti nikameza vidonge vyekundu vya mwisho. Muuguzi akanionya nisiache cha jioni siku hiyo, kwa kuwa kazi ya rifampicin kwenye ini haiishi siku unapoiacha. Nikaendelea nacho wiki mbili zaidi. Za virusi za asubuhi ninazo hadi leo.

Jioni iliyofuata, baada ya zile wiki mbili kwisha, adhana ya magharibi ilinikuta uani nachota maji ya udhu. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Mlikuwa na shilingi 20 na ufunguo.