Pua ya Baba Krismasi

Walukuba, Jinja. 7 Desemba, usiku

Kidole gumba cha kushoto kina plasta mbili, na vumbi la mbao bado limo nywelini ingawa nimeoga. Jana tulimaliza kuchonga, sisi watano. Baba Krismasi watano wamepangwa juu ya meza ya cherehani ya Mama Farida, na wangu ni yule mwenye uso ulioingia ndani, kama mtu aliyerudi nyuma hatua moja baada ya kufunguliwa mlango.

Mwezi wa tisa binamu yangu anayeishi Marekani alikuja likizo akaniletea kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 18 hivi, cheupe kama siagi. Kilikuwa kimeshakatwa umbo la Baba Krismasi, ila hana macho, hana mdomo, ndevu bonge moja, na mfuko mgongoni mfano wa kiazi kitamu. Huko kwao watu hununua vitu hivi na kwenda kuvimalizia nyumbani kwa kisu. Kuna mashine yenye kidole cha chuma kinachotambaa juu ya kinyago cha mfano, na kila kinapopita, visu upande wa pili vinakata nakala zake, kadhaa kwa mpigo mmoja. Mti wenyewe unaitwa basswood, laini, nyuzi zake hazina ubishi. Sisi hatukuwa na jina la kitu cha namna hiyo. Mama Farida akakiita kibichi, na jina likashika.

Ssalongo ana karakana ya samani hapa mtaani. Alikiweka kibichi juu ya kartoni, akachora ubavu, akachora mbele, kisha akatukatia vingine sita kwa mbao ya musizi aliyokuwa ameianika tangu mwaka jana. Cha nne umeme ulikatika msumeno ukiwa kiunoni. (Maji yanayozalisha sehemu ya umeme wa nchi yapo hapo bondeni, lakini giza letu halijui.) Alipokimalizia kesho yake msumeno haukurudi pale pale, ndiyo maana Baba Krismasi wa Afande ana ngazi ndogo tumboni. Afande anasema ule ni mkanda wa risasi.

Masharti tuliyaweka siku hiyo hiyo: kila mtu kibichi kimoja, hakuna gundi, hakuna kuongeza kitu, na mwisho ni tarehe 6 Desemba. Tarehe aliichagua Ssalongo, Mkatoliki wa kufa na kuzikana, kwa sababu ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra wa karne ya nne, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mzee huyu wa zawadi anatokana na yule.

Afande hakupendezwa. Amestaafu jeshi, lakini bado anapanga viatu mlangoni kwa mstari.

"Hii ni nusu kazi," alisema. "Mtu mwingine ameshaamua tumbo, ameshaamua kofia. Mimi nitaamua nini?"

Nilikuwa upande wake, nakiri. Niliona ni kama kupaka rangi mchoro wa mtoto wa mwenzio. Aliyetunyamazisha ni Mzee. Mzee ni Mkamba, alikuja Jinja kijana kufanya kazi kiwandani na hakurudi tena, lakini mikono yake ilijifunza kuchonga kwao Wamunyu, Kenya, na Wamunyu kuchonga ndiyo shamba la watu. "Kwetu mmoja anashika tezo anatoa umbo, mwingine anamalizia kwa kisu, wanawake wanapiga msasa," alisema. "Sijasikia mtu akiuliza kinyago ni cha nani mpaka kimeuzwa."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, anza mgongoni. Mti ukuambie kwanza nyuzi zake zinaelekea wapi, ndipo umwendee usoni."

Nilisikia. Sikufuata.

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Nina kibanda mjini, nimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, kwa hiyo niliamini kwamba kwenye vitu vidogo mimi ndiye bingwa wa kikundi. Vifaa pia nilikuwa navyo. Kisu kilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya gari, na nilikisugua kwenye mkanda wa ngozi mpaka kikanyoa nywele za mkono. Mzee alinipa na ubavu wa mwavuli mbovu. Ule waya una mfereji. Ukiukata ukaunoa ncha, ukautia mpini, unapata patasi nyembamba ya kuchora unywele mmoja mmoja wa ndevu. Sijawahi kupewa zawadi nzuri kama hiyo, na nilitaka kuitumia usiku ule ule. Nikaanza na uso.

Pua ndiyo kilele cha uso, ndiyo inayopimiwa vingine vyote. Unaweka mkato wa kusimama chini yake, kama ukuta, kisha unakuja na kisu kutoka mdomoni kwenda juu, chembe inatoka na kuishia ukutani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini nyuzi za musizi wangu zilikuwa zinapanda kuelekea paji la uso, na ukuta wangu ulikuwa mfupi. Kisu hakikusimama. Nilisikia *tk*, sauti ndogo kabisa, kama kioo cha simu kinapopata ufa ukiwa unakishika kwa upole wote. Pua ikaruka ikaanguka kwenye sufuria ya maharage.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hii ni shajara. Niliitoa kwenye maharage, nikaiosha, nikaibandika kwa supagluu ile ya kubandikia vioo. Saa sita usiku, mlango nimeufunga.

Kwenye simu hakuna kosa lisilorudi. Ukichomoa kitu unakirudisha. Kikiharibika unatafuta kingine kutoka simu iliyokufa. Miaka kumi na moja nimeishi hivyo, na nadhani nimeanza kudhani kila kitu ni hivyo.

Jumamosi iliyofuata tulikaa kwenye veranda ya Mama Farida. Mzee alikichukua kibichi changu, akakizungusha, akapitisha kidole gumba kutoka paji la uso kwenda puani. Kidole kikasimama. Akapitisha tena, polepole. Kisha akakirudisha mezani, akaomba chai. Hakusema kitu, wala hakunitazama. Chai ilinishinda kumeza.

Usiku huo niliikata pua ile, na kwa kuwa pua imekwisha, ilibidi uso mzima urudi nyuma kuifuata. Mashavu nusu sentimita, nyusi, masharubu, halafu ndevu zikaonekana zimejitokeza mno nikazipunguza nazo. Kofia nayo ikabaki imening'inia mbele kama paa la kibanda. Siku nne nilikuwa nikikata tu kutafuta pua ndani ya mti, na kila nilichotoa kilikuwa kimetoka. Macho niliyafanya mistari miwili. Sikuthubutu zaidi.

Jana ndiyo tukaona ya wengine. Ssalongo ameichonga kofia ikawa ya askofu. Kumbe ncha ile ilikuwa inangoja. Afande ameuacha ule mkanda wa risasi, akachonga na buti za mvua. Alikuwa amesoma mahali kwamba Thomas Nast, mchoraji wa Marekani, alipomchora Baba Krismasi kwa mara ya kwanza gazetini, Januari 1863, alimweka kambini akiwagawia askari zawadi katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ametusimulia mara tatu. Aliyelia kwamba hana cha kuamua!

Mama Farida, Mwislamu anayefunga hata sita za Shawwal, amemvua mzee koti la baridi lote. Ndani ya mistari ile ile ya mashine ametoa kanzu, na mshono wa kifuani kabisa, kama bwana anayekwenda kwanjula, kutambulishwa ukweni. Kisha akavunja sharti: mfuko ameuviringishia kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kwa sababu, anasema, rangi ile ya kutu ndiyo nyekundu ya hapa kwetu.

Ssalongo akashtuka, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kwa Waganda lubugo ni nguo ya heshima, lakini pia ndiyo wanayomviringishia maiti.

"Mama Farida, Krismasi bado, wewe umeshamzika?"

"Si yeye, ni mfuko," akajibu, na hakuutoa.

Mzee hakuchonga macho kabisa. Wake ni mapigo machache mapana ya kisu, kila moja linaonekana, na ukikaa mbali unaapa anakutazama. Wangu alimshika mwisho. Kidole gumba kikapita kwenye paji la uso, kikateremka puani, kikaendelea mpaka ndevuni bila kusimama.

"Amezeeka," akasema. Kisha: "Kiko kimoja kimebaki kwa Ssalongo."

Nimekwenda leo baada ya kufunga kibanda, nimekichukua. Kipo hapa mezani, na chembe za kwanza ziko sakafuni. Nimeanza mgongoni.