Ile Pesa ya Fundi

Mwezi Agosti mwaka 2024 nilikuwa likizo Muheza kwa mama yangu, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa akidaiwa shilingi 180,000 na fundi aliyemwezekea jiko kwa bati. Asubuhi moja, tukinywa chai barazani, uliingia ujumbe katika simu yake: "Ile pesa nitumie kwenye namba hii, simu yangu ina tatizo." Papo hapo akaanza kutafuta miwani ili aitume.

Ujumbe wa namna hiyo unajulikana Tanzania nzima na watu huucheka, lakini anayeucheka ni yule asiyedaiwa siku hiyo. Tapeli hamjui fundi wala bati. Huutuma kwa namba nyingi, akitegemea kwamba hatakosekana mwenye deni, ambaye atajijazia mwenyewe jina na kiasi.

Mama hakunisikiliza, maana kwake mimi bado ni mtoto. Nikamwomba ruhusa niuandike ujumbe ule katika programu ya akili mnemba iliyokuwa kwenye simu yangu, bila kuweka namba wala jina la mtu, kisha nikamsomea jibu. Nilitarajia itamke moja kwa moja kwamba ni utapeli. Badala yake ilieleza kuwa mwandishi hakujitaja, hakutaja kiasi wala pesa yenyewe ni ya nini, na ikashauri ampigie anayemdai kwa namba aliyoizoea. Mama aliusoma tena ujumbe, safari hii kama aliyekuwa akisahihisha insha.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Huyu hajataja bati."

Fundi alipopigiwa, simu yake ilikuwa nzima, naye alikuwa juu ya paa la mtu mwingine. Namba ya tapeli tukaitolea taarifa kupitia 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo.

Jioni yake mjomba aliomba nauli kwa namba ngeni, akidai kwamba simu yake imeibiwa. Programu ikaushuku ujumbe huo pia, na kusema kweli hata mimi niliushuku. Namba yake ya zamani haikupatikana. Mama hakungoja ushauri zaidi. Aliipigia ile namba ngeni na kuuliza ni nani aliyeanguka mnazini wiki ya harusi yake. Mjomba, ambaye ndiye aliyeanguka, alijibu kwa hasira, kisha akatumiwa nauli yake.