Boliti ya juu haishiki usukani

Naandika haya kwa sababu nishachoka kuyasema kwa mdomo. Vijana wa hapa Wete wanaonunua baskeli za gia za mtumba, wengine soko la Darajani, Unguja, wengine hapa hapa, hunijia barazani baada ya laasiri na lalamiko moja: mbele panagonga. Nikiitazama boliti ya juu kabisa, ile iliyo katikati ya kifuniko cha juu ya shingo ya usukani, nakuta imeshakazwa na kila aliyepita njiani, mpaka tundu lake la pembe sita limekuwa duara.

Boliti ile haishiki usukani. Kazi yake ni kuvuta, basi.

Ndani mambo yako hivi. Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina bomba linalopanda juu kupitia kichwa cha fremu. Chini ya kichwa kuna kikombe cha gololi, na juu kingine. Juu ya kikombe cha juu hupangwa pete moja mbili, kisha inakuja stemu, shingo inayoubeba usukani, nayo imelikumbatia bomba kwa boliti mbili za ubavuni. Ndani ya bomba imepigiliwa nati yenye makucha, na boliti ya kifuniko inaingia humo. Ukiikaza, kifuniko kinaisukuma stemu chini na nati inalivuta bomba juu. Gololi zinabanwa baina yao na kule kuchezacheza kunaondoka. Lakini kama boliti za ubavuni zimekazwa kabla, stemu haishuki hata unywele. Utakaza mpaka jasho likutoke, na kitakachosogea ni ile nati yenye makucha, itapanda na kukwaruza bomba kwa ndani.

Mtindo huu si wa kale. Umeenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Dia-Compe ikiuuza kwa jina la Aheadset. Kabla ya hapo karibu baskeli zote zilikuwa za nati, yaani gololi za usukani hufungwa kwa nati, na Pemba mpaka leo nyingi bado ni hizo. Ndiyo maana mafundi wetu wakubwa, ambao kwenye Phoenix, zile baskeli za nati za kubebea mizigo na watu, hawana mpinzani, wakipewa hizi za gia wanakaza cha juu. Kwenye Phoenix cha juu ndicho kinachokaza.

Juzi alikuja mtoto wa kaka yangu. Anafanya kazi Chake, na toka hapa mpaka Chake ni kilomita 30 hivi za kupanda na kushuka, kwa hivyo breki ya mbele anaijua vizuri.

“Shikamoo ami. Hii nikishuka mlima inagonga kama mtu anabisha hodi.”

“Marahaba. Umempelekea fundi?”

“Nimempelekea. Kakaza juu. Sasa inagonga, na usukani umekuwa mzito.”

“Basi una maradhi mawili.”

Kwanza nikahakikisha kinachogonga ni nini, maana baskeli hizi za shokapu za mbele hugonga popote: shokapu zenyewe, vipande vya breki, hata ekseli ya gurudumu. Bana breki ya mbele, weka kidole pale kikombe cha juu kinapokutana na kipande kinachokifunika, kisha isukume baskeli mbele na nyuma. Kidole kitahisi kama vipande viwili vinapishana. Fanya hivyo hivyo chini. Macho hapa hayasaidii sana, kidole ndicho kinachojua. Kwake kilikuwa kikombe cha chini.

Nikavua kifuniko cha stemu, na jibu likawa mbele yetu. Mdomo wa bomba la foki ulikuwa sawasawa na mdomo wa stemu. Unatakiwa uwe chini yake kwa milimita 3 hivi. Vikiwa sawa, kifuniko kinakalia bomba badala ya stemu, nacho kikikalia bomba hakina cha kusukuma. Yaani hata fundi angelegeza ubavuni kwanza asingepata kitu. Kuna pete ilipotea, labda huko ilikotoka, na haikurudishwa. Kwenye kopo langu la vyuma chakavu nina pete za kila aina. Nikachagua moja ya milimita 5, nikaipachika chini ya stemu, na nafasi ikapatikana.

Na ule uzito wa usukani? Ulitokana na kikombe cha juu. Pete yake ya kubania ilikaa upande, ikakandamizwa hivyo hivyo. Nikaifuta, nikaipaka grisi na kuikalisha vizuri.

Sasa mpango wenyewe. Legeza boliti za ubavuni mpaka stemu izunguke kwa mkono. Kaza ya juu kidogo kidogo, ukipima kwa kidole na breki kila baada ya robo mzunguko, na ukome pale pale kugonga kunapokwisha. Inua mbele ya baskeli, iinamishe upande kidogo: gurudumu liangukie upande lenyewe, bila kusita. Likisita, umezidisha, rudisha nyuma. Waya za breki zikiwa fupi zitakudanganya hapa, kwa hivyo angalia kama si zenyewe zinazovuta. Kisha simama mbele ya baskeli, libane gurudumu kwa magoti, ulinganishe stemu nalo, na hapo ndipo boliti za ubavuni zikazwe, hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu.

Zikazwe kiasi gani? Kwenye stemu ya kijana imeandikwa 5 Nm, yaani nyutonimita 5, kipimo cha nguvu ya kukazia. Spana ya kupimia sina, lakini hesabu yake ni ya skuli: ushike ufunguo sentimita 10 kutoka kwenye boliti na uusukume kwa nguvu ya kuinulia kilo 5. Kilo 5 ni kifuko cha unga. Wengi wetu tunakazia nguvu za kupakilia gunia la karafuu, halafu tunashangaa uzi wa boliti umekwenda na maji.

Kijana akashuka nayo mpaka bandarini na kurudi. Haikugonga.

Sasa nije kwa Phoenix, kwa sababu ndizo zinazobeba kisiwa hiki. Yangu ni ya marehemu baba, breki za vyuma, keria ya kubebea watu wawili. Huku stemu haihusiki kabisa na gololi. Imechomekwa ndani ya bomba na inajibana kwa kabari, ambayo boliti ndefu ya juu huivuta. Gololi zinarekebishwa na kikombe cha nyuzi kilicho chini yake, na juu ya kikombe kuna nati ya kukifunga. Kaza kikombe kwa mkono mpaka kiguse, kirudishe kiasi kidogo sana, kishikilie kisizunguke, ndipo ukaze nati kwa spana malaya. Nati ikikazwa, kikombe nacho hushuka kidogo, kwa hivyo ile nafasi uliyoiacha si uvivu.

Kazi kubwa ya Phoenix ni kutoa stemu, hasa kwa baskeli zinazovushwa kwenda Fundo na kurudi, zinazokunywa maji ya chumvi kila safari. Usiitoe boliti yote. Ilegeze mizunguko michache, weka kipande cha mbao juu yake, piga nyundo moja ya kutosha. Kabari inashuka na stemu inalegea. Kama imeganda, oili usiku kucha, kesho tena. Nimeona mtu akiusokota usukani huku mwenzake kakaa juu ya gurudumu, wakapinda foki. Wakati wa kurudisha, stemu ipakwe grisi sehemu yote inayoingia ndani, na isipandishwe kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Mrefu akitaka usukani wa juu zaidi, anunue stemu ndefu.

Ukifungua vikombe, tandaza sinia chini kabla foki haijashuka. Gololi ni za milimita 4 hivi, na kwenye mchanga wa kwetu hazionekani tena, sembuse kuku wakiwa karibu. Ziosheni kwa mafuta ya taa, vikombe pia, kisha tazama njia ya gololi kwenye mwanga wa jua. Mara nyingi utaona vijishimo vimepangana. Baskeli ikienda barabara nyoofu usukani hugeuka kidogo mno, gololi zinabaki pale pale, grisi inasukumwa pembeni, na chuma kinaanza kulana na chuma. Mwenye baskeli hulalamika kwamba usukani “unakamata” katikati. Hapo kukaza au kulegeza hakusaidii.

Dawa yake ni vikombe vipya. Kama havipo, iko njia ya maskini, nami naipenda kuliko ninavyopaswa: gololi zikiwa kwenye kibanio chake, kitupe kibanio, upange gololi huru ndani ya grisi mpaka zijae, kisha utoe moja ili zipate nafasi. Idadi ikibadilika, haziwezi kulala zote kwenye vijishimo vile vile kwa mara moja. Nimeona baskeli ya mchuuzi wa samaki ikienda hivyo masika mpaka vuli.

Ukienda dukani kununua seti mpya, chukua na pete ya chini ya zamani, ile inayokaa kwenye foki. Ziko za tundu la milimita 26.4 na za 27.0. Kwa macho ni moja, kwenye foki si moja: ndogo haitaingia kwenye foki ya 27.0, na ukiilazimisha kwa nyundo itapasuka. Foki nyingi za baskeli za Japani zinataka 27.0. Mwambie mwenye duka akupimie kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa tundu, mbele yako, na kama hana kalipa, ziweke mbili mezani, moja juu ya nyingine, upitishe ukucha kwa ndani.