Seli Mbili za Kioo

Katika majira ya baridi ya mwaka 2016, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani, nilikesha na seli mbili za kioo, yaani betri ndogo za majaribio, zilizofungwa ndani ya gesi ya argoni, nikichunguza kama kimiminika chake kingebadilika rangi.

Kazi yangu ilikuwa kathodi, yaani upande chanya, ya betri za lithiamu na salfa. Kinadharia, gramu moja ya salfa huhifadhi miliampea-saa 1,675, kiasi ambacho kathodi za betri za simu hazikifikii hata robo yake, na salfa yenyewe ni ya bei nafuu kwa kuwa hubaki kwa wingi mafuta ya petroli yanaposafishwa. Lakini betri hizo zilichoka upesi. Zinapotoa umeme, salfa haigeuki mara moja kuwa salfaidi ya lithiamu. Kwanza huwa polisalfaidi, misombo ya lithiamu yenye salfa nyingi, ambazo huyeyuka katika elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri, huihama kathodi na kwenda kuishambulia lithiamu ya upande wa pili, hivyo kila mzunguko wa kuchaji hupunguza salfa iliyosalia kufanya kazi.

Mwaka 2009 kundi la Linda Nazar, wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, lilionyesha kuwa salfa iliyoyeyushwa kwa nyuzi 155 za Selsiasi huingia katika vinyweleo vya kaboni na kuzuiliwa humo. Mwaka 2015 kundi hilohilo likapendekeza dioksidi ya manganisi, ambayo uso wake huingia katika mmenyuko na polisalfaidi na kuzishika kikemia, jambo ambalo kaboni haiwezi. Nilitaka kuliona kwa macho yangu. Seli ya kwanza niliiwekea salfa katika kaboni, ya pili salfa juu ya vipande vyembamba vya dioksidi hiyo.

Umeme ulipoanza kutoka, volti zikiwa bado juu ya 2.3, uzi wa manjano wa polisalfaidi ulichomoza ukingoni mwa kathodi ya kaboni, ukashuka taratibu, na kabla ya mapambazuko kimiminika chote kilikuwa kimekolea. Seli ya pili ilibaki karibu angavu kabisa. Nilikuwa nimesoma habari hizo mara nyingi, lakini furaha niliyoipata usiku ule hakuna makala iliyowahi kunipa.

Asubuhi msimamizi wangu aliziangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kathodi ilikuwa na salfa kiasi gani. Nilimjibu kuwa ni kama miligramu moja kwa sentimita ya mraba.

“Basi irudie kwa miligramu tano,” alisema.

Alisema kweli. Kathodi nyembamba, yenye salfa kidogo, hutoa matokeo mazuri, ila uzito wa elektroliti na karatasi za metali humeza faida yote. Nayo kathodi nene hupasuka, kwa kuwa salfa huvimba kwa takriban asilimia 80 inapopokea lithiamu. Siku hiyohiyo nilianza kutafuta gundi itakayoustahimili uvimbe huo.