Jinsi nilivyojua kwa nini mkono wa binti yangu ulirukaruka

Msimu wa korosho uliopita, hapa Masasi, mkono wa kulia wa binti yangu wa miaka 9 ulianza kurukaruka wenyewe. Kikombe kinamponyoka, mwandiko umeharibika, uso unajikunja. Mwalimu alidhani ni utundu. Jirani akasema ni shetani, nimpeleke akapungwe. Mtoto alikuwa analia kwa aibu, na hilo liliniuma kuliko yote.

Usiku nikamwangalia: akilala, mkono unatulia kabisa. Nilipomweleza daktari, akauliza, "Mama, aliwahi kuumwa koo?" Kweli, kama miezi mitatu nyuma, nami nilimsukutulisha maji ya chumvi tu. Kumbe kinga ya mwili ikipigana na bakteria wa koo waitwao streptokokasi, inaweza kukosea ikashambulia ubongo na moyo. Huo ni ugonjwa uitwao korea ya Sydenham, wa viungo kurukaruka vyenyewe, huwapata zaidi wasichana. Alipimwa moyo kwa ultrasaundi, valvu moja, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, inavuja kidogo.

Mkono ulitulia baada ya miezi miwili hivi. Sindano ya penisilini anachomwa kila wiki 4 ili bakteria hao wasirudi, na ataendelea kwa miaka. Hata mvua inyeshe, tarehe hiyo hatukosi.